Nibane Kidogo Tu

Tulikuwa saba tumezunguka sinia moja kwenye harusi ya Mwajuma, Ufukoni, mwezi uliopita, na pilau lilikuwa bado la moto kiasi kwamba kila mtu alichota pembeni akiogopa katikati. Rukia akanisogelea, akainamisha shingo kama anayetaka kunipa siri ya mtu, akasema kwa sauti ya kuomba, "Zena, nibane kidogo tu." Basi, kula kukaishia hapo. Fatu alipaliwa na wali tukampiga mgongoni. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akatuuliza, "Wanangu, mnacheka nini na sisi tucheke?" Tukatazamana, tukashindwa, maana kichekesho chenyewe hakisimuliki kwa sentensi moja. Ukikianza lazima uanze na jora la kitambaa cha kijani, ukitoka kwenye jora utaingia kwenye cherehani, na mwisho wa yote utafika kwangu. Na mimi si mtu wa kusimulia mbele za watu. Nilirudisha macho kwenye sinia. Lakini niliporudi nyumbani nilivuta sanduku lililo chini ya kitanda, nikatoa daftari la mwaka ule wa kidato cha tatu, nikalisoma lote kwa mkao mmoja. Sasa nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kumbe miaka minne inatosha kabisa kumfanya mtu ajionee huruma na kujicheka kwa pamoja. Kuna kurasa mle ndani nilizifunika kwa kiganja, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Mambo ya ukoo nayaruka. Inatosha kusema kwamba mwaka ule niliishi Magomeni, ile ya mji wetu wa kusini, kwa Shangazi Hadija, dada yake Baba, kwa sababu shule yangu ilikuwa karibu na kwake, na kwamba Shangazi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele ndicho kilichonilea mwaka huo kuliko darasa. Kilikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na nyingine ya mkono iliyokoroma kama mzee aliyeshiba. Pazia la kanga kuukuu lilikata kona moja ikawa mahali pa kubadilishia. Na kulikuwa na kioo kirefu kilichopasuka sehemu ya chini, kwa hiyo kila mteja alijiona mzima mpaka magotini, na kutoka hapo kwenda chini alikuwa vipande vipande. Asubuhi tulikula ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, ya kuchemsha iliyonyunyizwa chumvi, na chai ya rangi, mezani pale pale pa kukatia, Shangazi akipangusa makombo kwa mkono kabla chaki haijatoka. Harufu ya chumba kile naijua mpaka leo: mkaa wa pasi, mafuta ya cherehani, na kitambaa kipya ambacho bado kina ile gundi ya dukani. Kwangu mimi harufu hiyo ilikuwa nzuri kuliko udi, na nililiandika hilo, kisha nikalifuta, kisha nikaliandika tena.

Nilipenda nguo. Nilizipenda kwa namna iliyonitisha, kwa sababu sikuwa msichana wa kuonekana. Darasani nilikaa nyuma, nikiulizwa swali nilijibu kwa sauti ambayo mwalimu alilazimika kuja kuichukua mdomoni. Lakini jioni za Jumapili, Rukia aliponipitia twende Shangani ya hapa mjini kupunga upepo wa bahari, macho yangu yalikuwa hayana haya hata kidogo. Daftari linasema: "Leo nimeona baibui lenye mikono ya kengele. Mwenyewe alikuwa anashuka kwenye bajaji. Nimemfuata hatua kama kumi na tano niangalie mkono umeungwaje begani. Rukia kanivuta, eti nitaitiwa mwizi." Ukurasa mwingine: "Nimefunga ushungi wa shule mara sita, pini haikai. Nimechelewa mstarini." Na mwingine, wa siku ya Alhamisi, kwa herufi ndogo sana: "Je, mtu akiwa anaswali huku anawaza pindo la gauni la aliye mbele yake, swala yake inahesabiwa? Sijamuuliza mtu." Swali hilo lilinikaa moyoni kama mfupa wa samaki. Niliamini kuna aina mbili za wasichana, wanaopenda nguo na wanaomcha Mungu, na kwamba siku moja nitaambiwa nichague upande, na nitaaibika kwa nitakachochagua.

Baba naye alikuwa na wasiwasi wake. Siku aliyonileta kutoka kijijini, kule karibu na Ruvuma inapoingia baharini, alikaa kwenye benchi la wateja bila kuvua kofia, akayatazama yale majarida ya mishono ukutani kwa Shangazi kama mtu anayetazama mvua inayotishia korosho zilizoanikwa.

"Dada," akasema, "huyu nimemleta kusoma."

"Na atasoma. Jioni atanisaidia kushona vifungo."

"Vifungo ndivyo vinavyoanza."

"Vinaanza nini, wewe? Kwani hilo shati lako limefungwa na miiba?"

Baba alicheka kidogo, lakini aliposimama kuondoka alirudi kwenye lile lile, safari hii akinitazama mimi. "Mwaka mmoja. Shona na shangazi yako. Lakini siku nikisikia neno la aibu limetoka kwenye nguo uliyoishika wewe, cherehani basi. Utabaki na vitabu vyako." Nikasema ndiyo Baba. Nilijua Baba si mtu wa kurudia neno, wala wa kulisahau. Mwaka mzima nilishona nikiwa na sentensi hiyo mabegani, na kwa kweli sikuwa na tamaa nyingine yoyote duniani ila kubaki kwenye chumba kile.

Mwalimu Somoe alituhifadhisha kasida madrasa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, baibui lake la kahawia pana na limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ungeweza kukatia tango. Alikuwa mkali wa nguo kuliko wa herufi. Ukikosea aya alikurudisha taratibu, lakini ukija na gauni la kukushika alikuita mbele, akakunja ngumi, akajaribu kuipitisha kati ya nguo na kiuno chako. Ngumi ikipita, kaa. Isipopita, nenda kabadilishe. Tulikiita kipimo cha ngumi, na kilikuwa maarufu kuliko mtihani wowote. Ulipokaribia mwezi wa Mfungo Sita, mzazi mmoja akatoa jora zima la kitambaa cha kijani kibichi, wasichana kumi na wawili washonewe sare ya Maulidi. Mwalimu alilileta kwa Shangazi mwenyewe, akaliweka mezani. "Mapana, marefu, ya heshima," akasema. "Na sitaki nguo inayopiga kelele." Shangazi wiki hiyo alikuwa amelemewa na sare za harusi ya watu wengine. Akaninyooshea mkasi. "Zena atakata. Mimi nitamwangalia."

Ukurasa wa siku hiyo una maneno matatu tu: "Mkasi ni mzito." Nilikata magauni kumi na mawili kwa siku nne, nikashona kwa siku sita, nikitoka shule nikivua viatu mlangoni na kuingia moja kwa moja kwenye cherehani. Mwalimu alipokuja kuyakagua, ngumi yake ilipita kila kiuno kama inapita hewani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipoondoka, Rukia akajitazama kwenye kioo, akageuka kulia, akageuka kushoto, akasema, "Jamani, hema. Tukipanga mstari watu watadhani tumekuja kupiga kambi." Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila moyo uliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Yalikuwa magauni ya heshima na hayakuwa na uzuri wowote, na kila mshono ulikuwa wa mkono wangu.

Hapa ndipo penye ule ukurasa niliofunika kwa kiganja. Kwa miaka minne tumekuwa tukisimulia kisa hiki kana kwamba wenzangu walinisumbua mpaka nikakubali. Siyo. Nilianza mimi. Jumapili ile, siku sita kabla ya Maulidi ya Jumamosi, Shangazi alipokwenda kumwona mgonjwa, nilivaa gauni langu, nikasimama mbele ya kioo, nikashika kitambaa kwa nyuma kwa vidole viwili. Kiuno kikatokea. Nilikuwa sijui kama ninacho. Nikalivua, nikapitisha mshono mpya pande zote mbili, vidole viwili huku, vidole viwili kule, nikalivaa tena, na nilibaki pale mpaka chai ikapoa. Halafu nikafanya kosa lililo kubwa kuliko la kubana. Shangazi alikuwa na sheria: kitambaa cha ziada kilicho ndani ya mshono hakikatwi mpaka nguo ivaliwe, maana mwili una maneno yake. Lakini kitambaa kile kilikuwa kinatuna kwa ndani, na mtu angekipapasa tu angejua. Nikakikata chote. Vipande nikavisukumia kwenye mto ambao Shangazi alikuwa anaujaza mabaki, nikaufunga.

Kesho yake Rukia akaja kuchukua gauni lake, akaliona langu limetundikwa.

"Hee! Lako mbona limekaa hivi?"

"Limekaaje?"

"Limekaa kama la wale wa kwenye simu. Zena. Zena, shoga yangu. Nibane kidogo tu. Na usimwambie mtu, hasa Mwajuma, ana mdomo. Mimi na wewe."

Kukataa kunahitaji sauti, na mimi sauti sikuwa nayo. Nikambana. Jioni akaja Mwajuma na sahani ya vitumbua vilivyofunikwa kwa kawa, eti mama yake kanikumbuka, vitumbua vilipoisha akaniegemea begani, "Mimi kiunoni panapwaya, Zena, nibane kidogo tu, ila Rukia asijue, ana mdomo." Fatu, mdogo kuliko wote na ndiye aliyekuwa akiongoza kasida, hakuweza hata kulitamka, alikuja akasimama, akajifinya kiuno kwa vidole, akanitazama. Walikuja mmoja mmoja, Jumatatu na Jumanne, Shangazi akiwa amekwenda kupima watu wa harusi, wengine baada ya Alasiri, wengine karibu na Magharibi, kila mmoja na kiapo chake cha siri. Mpaka Jumanne jioni nilikuwa nimebana magauni kumi na mawili, nimekata kitambaa cha ndani cha magauni kumi na mawili, na kila msichana katika madrasa ile aliamini kwamba Jumamosi atapendeza yeye peke yake.

Jumatano baada ya Alasiri yalikuwa mazoezi ya mwisho, tuyafanye na sare. Kina mama walikuwa pale pale ukumbini pa madrasa wanachambua mchele wa pilau. Tulifika tumejitanda mitandio mipana mpaka magotini, kila mmoja na adabu isiyo ya kawaida. Mwalimu akasema tuvue mitandio, tukavua. Rukia akamtazama Mwajuma kiunoni. Mwajuma akamtazama Fatu. Kisha wote, polepole, wakanigeukia mimi. Mwalimu Somoe alipita mbele ya mstari mara moja, hakukunja ngumi. Alirudi mbele, akashika dufu lake, akasema, "Pigeni magoti."

Kasida yetu haikuwa ya kusimama. Inasomwa kwa magoti, mistari mitatu ya wanne wanne, tunayumba kulia, tunayumba kushoto, tunainama mpaka ushungi uguse mkeka, tunainuka na mikono juu. Tulikuwa tumeifanya mara mia. Lakini magauni yote yalipimwa watu wakiwa wima, mbele ya kioo kilichoishia magotini. Tulishuka taratibu kama watu waliobeba ndoo za maji kichwani. Fatu akaanza, tukaitikia, tukayumba kulia, salama. Tukayumba kushoto. Nikasikia prrr, taratibu, kama mtu anayechana karatasi ya daftari akijificha mwalimu asisikie. Lilikuwa la Rukia. Kabla sijameza mate, prrr, la Mwajuma, refu zaidi, maana Mwajuma mwenyewe ni mrefu. Tukainama, mstari wa nyuma wote ukajibu kwa pamoja. Tulipoinua mikono juu nililisikia langu, kutoka kwapani hadi nyongani, na upepo wa dirishani ukaingia mahali ambapo haujawahi kuingia. Alhamdulillahi kila mtu alikuwa na shimizi ndani. Fatu peke yake aliendelea kusoma, macho kayafumba, mpaka lake nalo likaachia katikati ya ubeti. Mama mmoja penye mchele akasema, "Makubwa! Watoto wanaiva kama bisi."

"Nani alianza?" Mwalimu akauliza.

Nakumbuka mkeka ulikuwa na mistari ya zambarau, kwa sababu niliukazia macho. Nilijua wasichana kumi na mmoja wamenyamaza kwa ajili yangu, na nilijua pia kwamba kila mmoja anadhani kosa limeanza kwake. Nilisimama, nimeshika ubavu kwa mkono mmoja. "Mimi, Mwalimu. Nilianza na langu, na hakuna aliyeniomba." Ilikuwa mara ya kwanza watu wa ukumbi mzima kuisikia sauti yangu. Mwalimu akaniuliza, "Baba yako anakuja Jumamosi?" Nikaitika kwa kichwa. "Basi asije akasikia kwa watu. Nitampigia simu mimi."

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shule nikapita moja kwa moja nyuma ya pazia, nikakaa chini na lile rundo la kijani, nafumua. Nikamsikia Mwalimu akibisha hodi, nikasikia benchi likilia. Hawakujua kwamba nipo. Nilingoja kusikia nikilaaniwa, na badala yake nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Mwalimu Somoe alikuwa anacheka. "Hadija, ya tatu ilipopasuka nilijiuma ulimi. Ningecheka pale, nisingeweza tena kuwafundisha wale." Shangazi naye: "Umesahau wewe, tulipokuwa wasichana? Mabega ya puto! Uliyashona makubwa mpaka ukawa unaingia mlangoni ubavu ubavu." "Nyamaza, watakusikia." "Na wasikie." Wakacheka mpaka wakakohoa. Halafu Mwalimu akatulia, akasema maneno ambayo jioni ile niliyaandika yote: "Mimi sigombani na uzuri, Hadija. Nagombana na nguo inayomfanya mtoto akae anaiwaza yenyewe. Jana wale walikuwa wanasoma kasida, au walikuwa wanasoma viuno vyao?" Kisha akaongeza, "Baba yake nimeshamwambia. Sikuficha kitu." "Akasemaje?" "Kasema, 'Nimesikia.' Basi, akakata."

Nimesikia! Nililigeuza neno hilo kila upande kama nguo isiyo na lebo. Kuhusu maneno ya Mwalimu, mpaka leo nabishana nayo. Kuna siku navaa gauni na kulisahau saa hiyo hiyo, na siku hizo kweli huwa nimetulia. Lakini zipo siku nyingine, Idi kwa mfano, nataka kulikumbuka gauni langu kila hatua, nafurahi jinsi pindo linavyogusa kiatu, na nikisujudu nashukuru kwa hilo pindo pia. Sidhani kwamba Mungu ananikunjia uso. Wakati ule, hata hivyo, nikiwa nyuma ya pazia, niliona kitu kimoja tu wazi: sikuwahi kuwauliza wenzangu nguo ile wataifanyia nini. Niliwauliza wanataka kuonekanaje.

Mwalimu alipoondoka nilitoka. Shangazi hakugomba. "Vipande ulivyokata viko wapi?" "Kwenye mto." Akauchana mto kwa wembe, akavitoa, vyembamba kama tambi. Havikufaa kitu. Jora lilikuwa limekwisha, na kijani kile mjini hakikupatikana. Tulizunguka maduka tukiwa tumeshika kipande mkononi, tukarudi na vumbi tu. Tulimkuta Mama Alima barazani, jirani yetu ambaye ukoo wake umetoka Msumbiji na ambaye huleta vitenge kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Alisikiliza habari, akapiga kofi, akaingia kwake, akarudi na kitenge cha njano chenye majani. "Nangu hiki maji ya mto yamekilamba pindo wakati wa kuvuka," akasema. Nangu kwa Kimakonde ni mimi. "Nani atakinunua na doa hili? Chukueni, mwanangu, mzibe matundu."

Nilikishika. Doa lilikuwa ukingoni tu, na katikati palikuwa pazima, njano kama bibo la mkorosho lililoiva. Nikachukua chaki, nikachora mezani. Shangazi akainama.

"Nini hicho?"

"Kipande cha pembe tatu. Kama sambusa. Ncha juu, kwapani, halafu kinapanuka kwenda chini, pande zote mbili."

"Njano, Zena? Kwa Somoe?"

"Ukisimama kinajikunja ndani, hakionekani. Ukiyumba ndiyo kinafunguka."

Shangazi alinitazama kama vile nimeingia sasa hivi mlangoni. Kisha akasogeza sare za harusi pembeni. Ijumaa tangu mchana wasichana wote walikuwa chumbani mle, wengine sakafuni, wengine mlangoni, na pini na nyembe. "Kila mtu afumue dhambi yake," Rukia akatangaza. Mwajuma akamuuliza, "Kumbe na wewe ulimwambia asiniambie?" "Nilimwambia wewe una mdomo." "Mimi nilimwambia wewe ndiye una mdomo!" Mama Alima alituletea mihogo ya kukaanga na pilipili, akakataza mikono yenye mafuta isikaribie kitambaa. Nilishona sambusa ishirini na nne. Cherehani ya mkono ilikoroma mpaka ikapata moto.

Kabla ya Magharibi Mwalimu akaja. Tulijipanga. Ngumi ikapita, na ya pili ikapita juu yake. "Pigeni magoti." Tukapiga, bila kujishika. Tukayumba kulia, na mbavu zote za kushoto zikafunguka njano kwa pamoja, tukayumba kushoto, zikafunga huku zikafunguka kule. Sikuwa nimewahi kuyaona yote kumi na mawili kwa pamoja. Mwalimu akatuambia turudie. Tukarudia. Akatuambia turudie tena, na mara hiyo ya tatu nikajua haangalii tena makosa.

"Hiyo njano inaonekana mkiyumba na kuinama tu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi inameni vizuri."

Jumamosi nilisoma kasida, na nakiri sijui nilisoma nini, kwa sababu Baba alikuwa safu ya pili upande wa wanaume, kanzu nyeupe, ile kofia yake, uso hausomeki. Nguo haikupasuka. Watu walitikisa vichwa, kina mama wakapiga vigelegele, na mmoja nyuma akauliza nani fundi. Lakini mimi nilikuwa nasubiri neno la mtu mmoja. Pilau lilipoliwa, Baba alinikuta nje ya ukumbi ninapanga viatu vya watoto bila sababu yoyote. Nikamwamkia, akaitikia. Akasimama. Nikaanza mwenyewe, "Baba, Mwalimu alikwambia..."

"Aliniambia. Jumatano."

"Kwa hiyo cherehani..."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kamba nyembamba ya katani iliyokunjwa vizuri, akanipa. Ilikuwa na mafundo. Kijijini kwetu hatuna futi; mtu hupimwa kwa kamba, fundo moja kifua, fundo moja mkono, fundo moja urefu. Niliitambua kamba ile, ni ya kufungia magunia ya korosho, na nikatambua jinsi mafundo yalivyokazwa. Ni Mama tu anayekaza vile. Vilikuwa vipimo vyake mwenyewe, vimechukuliwa nyumbani, kabla Baba hajapanda gari, wakati wote wawili wanajua kuhusu Jumatano na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona sambusa ya njano.

Niliipitisha kamba vidoleni, mara mbili, kwa sababu sikuweza kuinua uso. Kifua, mkono, urefu. Nikatafuta tena.

"Baba, fundo la kiuno liko wapi?"

"Halipo," akasema. "Mama yako kasema anataka aweze kukaa chini."